U Katika Kijumba cha N

Herufi zetu za madini ya risasi, zile nzuri za kuchapia vitabu vya heshima, zilitoka nchi ya mbali kwa watu ambao nadhani e wanaila asubuhi na jioni. Kwenye kasha lao kijumba cha e kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na bado kilifurika. Cha t nacho kilijaa. Lakini a zilikuwa thelathini na moja tu. Nilizihesabu mara mbili, nikijua kabisa kwamba kuhesabu hakuzai.

Lugha yetu huwezi kuiandika kwa a thelathini na moja. A ndiyo chumvi yetu.

“Kwa kasha hili,” alisema Kelele, fundi wetu wa mashine, “baba yangu ni bb, mama yangu ni mm, na mimi ni yatima.”

Ndiyo maana kitabu cha Mkunga wa zahanati yetu tulikichapa ukurasa mmoja mmoja. Shangazi alipanga herufi za risasi, mstari kwa mstari. Kelele alizifunga kwenye fremu ya chuma, akaitia fremu kwenye mashine na kuchapa kwa kukanyaga. Halafu zamu yangu: nilizifuta wino kwa mafuta ya taa na kuzirudisha moja moja kwenye vijumba vyake, ili Shangazi apate a za ukurasa unaofuata. Nisiporudisha mimi, hapangi yeye. Asipopanga yeye, Kelele hana cha kukanyaga ila miguu ya watu.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na sita. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la nne, mwaka mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho na mgongo wa kumbebea ukawa wangu. Kwa Shangazi nilianza kwa kufagia. Kisha nikajifunza kukunja karatasi kwa kuikandamiza na kipande cha mfupa, kutoboa, kushona kitabu kwa uzi wenye nta, kubandika jalada. Kurudisha herufi nilipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Ni kama kuosha vyombo baada ya karamu ya wengine.

Mimi niliipenda. Herufi ya risasi ni ndogo na nzito, ina ubaridi wake, na ukiitazama imegeuka kama uso kwenye kioo. Nilizoea kuzisoma hivyo hivyo zikiwa kinyume. Shangazi akienda kula mchana, nilichukua kile kibati cha kupangia kinachokaa kiganjani, nikapanga mstari mmoja, nikausoma, nikaurudisha kabla hajatokea kona. Kelele alijua. Mtu yule hawezi kunyamaza hata usingizini, lakini siri yangu aliifunga mdomoni miezi minane.

“Mwambie,” alininong’oneza siku moja, na mnong’ono wake ulisikika hadi kwa Fundi Cherehani ng’ambo ya barabara.

“Nitamwambia.”

“Lini?”

“Nitamwambia.”

“Wewe Kimya, siku utakayosema sentensi nzima tutafunga duka tusherehekee.”

Kimya ndilo jina alilonipa. Sikulichukia. Sauti yangu huondoka tumboni vizuri, ila ikifika kooni hupiga hodi na kungoja iitikiwe.

Sasa, kitabu chenyewe. Mkunga alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na nne, na miaka yote hiyo aliweka daftari. Hakuandika uzito wa watoto, hayo yalikuwa na daftari lake la kazi. Katika hili la kwake aliandika neno la kwanza lililotoka mdomoni mwa mtu alipomwona mtoto wake. Alichagua maneno ishirini na sita, akataka vitabu arobaini vya kugawa siku ya kuagwa kwake, Jumamosi saa nane, kwenye uwanja wa zahanati.

“Msinibadilishie hata nukta,” alituambia. “Watu hawa walikuwa wamechanganyikiwa, na waendelee kuchanganyikiwa vile vile.”

Tulicheka wiki mbili. Baba mmoja alisema, “Mbona hana meno?” Mama mmoja: “Ndiyo huyu aliyekuwa ananipiga mateke?” Bibi mmoja alimgeuza mjukuu kulia na kushoto kama anayechagua tikiti, akatoa hukumu: “Pua ni ya kwetu. Masikio tutazungumza.” Na kijana mmoja alimwomba Mkunga kwa dhati, “Mrudishe kidogo, sijamaliza kupaka rangi chumba.”

Karatasi tulizitengeneza wenyewe kwa vitambaa vya pamba alivyotupa Fundi Cherehani, mabaki ya mashati. Ukizinyanyua kwenye mwanga unaona hapa na pale kiuzi cha buluu. Tulikuwa nazo arobaini na tano kwa kila mkunjo, tano zikiwa za kuharibika. Na kila karatasi, ikikunjwa katikati, ilibeba kurasa nne, kwa hiyo ukiharibu ukurasa wa nne umeua na zile tatu zilizokwisha kuchapwa.

Jumatano, wakati wa chai, Shangazi aliweka kikombe chini.

“Kazi zimekuwa nyingi na macho yangu yamekuwa machache,” alisema. “Nimepata mtu wa kupanga herufi. Ana cheti cha uchapaji. Jumatatu anakuja, tukielewana anaanza siku hiyo hiyo.”

Kelele alinitazama. Nilitazama mandazi.

“Kijana msomi,” Shangazi aliendelea. “Neno akiliona tu analijua. Wewe mwanangu utamwonyesha vitu vilipo, si ndiyo?”

Sauti ilipanda, ikafika kooni, ikapiga hodi.

“Ndiyo, Shangazi,” nilisema.

Kelele alitia andazi zima mdomoni ili asiseme kitu, machozi yakamtoka.

Kwa hiyo nilikuwa na siku chache za kusema neno moja. Usiku nililipanga kichwani: Shangazi, ile kazi naiweza, nipe mimi. Asubuhi nilifika, nikamwamkia Shangazi shikamoo, akajibu marahaba, na sentensi yangu ikabaki mlangoni na viatu.

Alhamisi tulifika ukurasa wa ishirini, wa mwisho kwenye mkunjo wake. Nilikuwa narudisha herufi za ukurasa wa kumi na tisa mbio mbio, Shangazi amesimama nyuma yangu mkono wazi. “A, a, nipe a, mwanangu.” Nilizitupa kwenye vijumba kama mtu anayepanda mahindi mvua ikiwa inamfukuza. Alipanga ukurasa, Kelele akatoa prufu, karatasi ya kwanza ya kukagulia. Mkunga mwenyewe alikuwepo. Shangazi akasoma, Mkunga akasoma na kucheka, wote wawili wakatia saini chini. Kisha wakakaa pembeni kuchagua rangi ya jalada, mimi nikaenda uani kuanika majalada. Niliporudi, mashine ilikuwa inaimba.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua karatasi zinazotoka na kuzining’iniza kwenye kamba zikauke wino. Nikaning’iniza ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikaisoma.

Lazima niseme ninavyosoma. Shangazi husoma kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, hatazami chini. Mimi husoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, moja, halafu jingine, na kila jiwe nalijaribu kwanza kwa kidole cha mguu. Ukurasa ulisema hivi:

Baba mmoja, dereva wa lori, alimpokea mtoto, akageuka atoke. Nikamwambia asubiri. Akauliza: Kuua mwingine?

Nikarudi nyuma. K. U. U. A.

Yule baba, nilikumbuka kwenye daftari, aliuliza: Kuna mwingine? Mapacha. Mwanamume wa watu alikuwa anashangaa tu. Sasa tumemfanya muuaji, tena mwenye njaa ya kazi.

U ile ilikuwa imekaa kwenye kijumba cha n. Na Shangazi hakuiweka huko. Vijumba hivyo vimekaa jirani, na mikono iliyokuwa ikitupa herufi ni hii yangu. Nikisema, nimejishtaki mwenyewe siku nne kabla ya mwenye cheti kuja. Nisiposema, Mkunga atasimama Jumamosi mbele ya watu na kitabu chenye damu.

Nilisimama na karatasi mkononi. Mashine haikusimama. Karatasi ya nne ilitoka, ya tano.

“Shangazi,” nilisema.

Shangazi na Mkunga walikuwa wanabishana kuhusu kijani. Mashine yetu ikikimbia, hata radi hujitambulisha mara mbili.

“Kaka Kelele,” nikasema.

“Eee, leta wimbo!” alijibu, maana yeye huimba anapokanyaga, akadhani naitikia kiitikio.

Ya sita. Ya saba. Kusita kwangu kumeshakula karatasi nne, na mkono wake ulikuwa njiani kuchukua nyingine. Sikufikiri. Nilizikumbatia zile karatasi zote ambazo hazijachapwa, nikazibana kifuani kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, nikakimbia nazo nje.

“Hee! Kimya! Karatasi!” Kelele aliruka kutoka kwenye mashine, kiwiko kikagonga kasha la herufi, likateleza ukingoni. Akalidaka kwa tumbo. “Jamani risasi! Risasi! Nisaidieni, risasi zitaruka!”

Na mimi, katikati ya barabara, mchana kweupe, sauti ikaacha kupiga hodi, ikavunja mlango.

“Kuua!” nilipiga kelele. “Kuua mwingine! Imeandikwa kuua!”

Sasa fikiria wewe ni mpita njia. Msichana anatoka mbio amekumbatia furushi, analia kuua, kuua mwingine, na nyuma yake mwanamume anapaza sauti risasi, risasi. Barabara ilifagiliwa kwa pumzi moja. Muuza matunda aliingia chini ya meza yake mwenyewe. Mwendesha baiskeli aliiacha baiskeli ikaendelea na safari peke yake. Mtu pekee aliyekuja upande wetu badala ya kukimbia ni Fundi Cherehani, mkanda wa kupimia shingoni, mkasi mkononi, miguuni kiatu kimoja.

“Yuko wapi?” alisema. “Nani ameuawa?”

“Dereva wa lori,” nilisema, nikihema. “Yaani, yeye ndiye anaua. Lakini hakuua. Aliuliza tu.”

“Aliuliza kama aue?”

“Aliuliza kama kuna mwingine!”

“Wa kuua?”

“Wa kuzaliwa!”

Fundi Cherehani alishusha mkasi polepole. “Binti,” alisema, “miaka mitatu nakujua hujawahi kunijibu zaidi ya salama. Leo umeanzia pagumu.”

Shangazi na Mkunga walikuwa wametoka. Nilimpa Shangazi karatasi ya tatu, ambayo bado nilikuwa nayo, wino umenipaka kidevuni. Akasoma akishuka ngazi zake, akaniangalia, hakuona kitu. Nikaweka kidole chini ya herufi. Akasoma tena. Mkono ukamwendea mdomoni.

Mkunga alimnyang’anya karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akaketi kwenye kizingiti.

“Na alikuwa na sura hiyo hiyo!” alisema alipopata pumzi. “Wallahi nilipomwambia wako wawili alinitazama kama nimemuomba akachinje. Haki ya nani, niliweka saini chini ya mauaji!”

Tukarudi ndani. Kelele alikuwa bado amekumbatia kasha kwa tumbo, hasogei, anaimba taratibu ili asipumue sana. Tulimvua kasha. Hakuna hata herufi moja iliyodondoka.

Shangazi alienda moja kwa moja kwenye kijumba cha n, akatia kidole, akatoa u mbili zaidi.

“Nani alirudisha herufi?”

“Mimi,” nilisema. Lilitoka upesi, pengine kwa kuwa koo lilikuwa bado wazi. “Ni mimi, Shangazi. Nilikuwa naharakisha.”

“Nani alikuwa anakuharakisha?”

Nikatazama kijumba cha n.

“Sema.”

“Wewe.”

“Nani alipanga ukurasa?”

“Wewe.”

“Nani alisoma prufu?”

“Wewe. Na Bibi Mkunga.”

“Basi kwenye kosa hili mimi nina mafungu matatu, wewe moja,” alisema Shangazi. “Na ulionaje? Mimi nimesoma mara mbili.”

“Wewe unasoma neno. Mimi sijui kusoma neno, nasoma herufi.”

“Anajua na kupanga!” Kelele alipayuka. Miezi minane ilimtoka kwa mpigo mmoja kama maji ya bomba lililoziba. “Kila siku mchana ukienda kula anapanga mstari! Hata wali wako hujaumaliza ameshausoma na kuurudisha! Hujamwona? Mimi nimekaa na siri hii mpaka nimepata vidonda vya tumbo!”

“Wewe vidonda vyako ni mandazi,” alisema Mkunga.

Shangazi hakucheka. Alichukua kibati cha kupangia kutoka mfukoni mwa aproni yake, mahali kinapokaa siku zote, akanipa. “Ukurasa wa ishirini na moja,” alisema. “Daftari lile pale. Upange.”

Nilisimama mbele ya kasha. Ukurasa ulikuwa ule wa pua na masikio. Nilijaribu kila n kwa ukucha kabla ya kuiweka, maana sikuwa na imani tena na yule aliyezirudisha. Kelele alisafisha rola taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza dakika ishirini nzima. Fundi Cherehani hakurudi dukani kwake, alivuta kiti kama yuko harusini.

Prufu ilipotoka, Shangazi hakuisoma kama zamani. Alitoa kidole, akagusa herufi moja moja, midomo ikicheza. Ilimchukua muda. Alipofika mwisho alirudi juu.

“Kuna nafasi pana sana hapa, baada ya neno masikio,” alisema.

“Bibi yule alinyamaza hapo,” nilisema. “Bibi Mkunga ameandika pembeni ya daftari: akanyamaza kidogo. Na alisema tusibadilishe hata nukta.”

Mkunga alichukua daftari lake na kulichungulia. “Nilisahau,” alisema polepole. “Kweli alinyamaza. Alikuwa anayapima masikio.”

Shangazi alitia saini kwenye prufu. Halafu akanisogezea kalamu, nikatia yangu chini ya yake. Ilikuwa imepinda.

Karatasi zilizoharibika zilikuwa saba, kwa hiyo nzima zilibaki thelathini na nane, na Mkunga alitaka vitabu arobaini. Shangazi alisema tupange upya kurasa zote nne. Mkunga alikataa. “Viwili vishoneeni hiyo hiyo ya kuua,” alisema. “Kimoja changu. Kingine cha wale mapacha, wana ndevu siku hizi, wamwonyeshe baba yao.” Tulimaliza kushona Jumamosi saa sita na robo. Saa nane nilikuwa uwanja wa zahanati, nimesimama nyuma kabisa, nikisikia watu wakisoma kwa sauti na kuangua vicheko. Baba wa mapacha alikuwepo. Alisoma, akakunja uso, akauliza, “Nilisema hivi mimi?” Mkewe akamjibu, “Ulisema vibaya zaidi.”

Tulipokuwa tunarudi, Shangazi aliniambia, bila kunitazama, “Yule mtu wa Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Akija, mwambie nafasi imejaa.”

Nilisimama. Yeye hakusimama, ikabidi nimkimbilie. “Nimwambie mimi?”

“Kazi ya nani? Mpangaji wa herufi husema mwenyewe. Mimi Jumatatu asubuhi naenda kununua wino.”

Jumatatu alifika saa mbili kamili. Shati limepigwa pasi mpaka linang’aa, bahasha ya kaki kwapani, viatu vya kuendea harusi. Kelele alijificha nyuma ya mashine, akidhani haonekani.

“Habari za asubuhi, dada. Nimekuja kuhusu kazi ya kupanga herufi.”

“Nzuri,” nilisema. “Karibu. Nafasi imejaa. Samahani, umetoka mbali?”

“Si sana.” Alipepesa macho. “Imejaa lini?”

“Alhamisi.”

“Na nani?”

“Mimi.”

Alitazama mikono yangu yenye wino, akatazama kibati, akaitazama bahasha yake. Hakuwa mtu mbaya.

“Una cheti cha wapi, dada?”

“Niliishia darasa la nne.”

“Darasa la nne hawatoi cheti.”

“Ndiyo maana sina,” nilisema.

Nyuma ya mashine Kelele alitoa sauti kama puto linalokufa. Yule kijana akaanza kutabasamu, akajizuia, akashindwa. Akaniuliza kama anaweza kuona tunavyofanya kwa kuwa ameshavaa viatu. Nikamvutia kiti, nikamwambia asiguse vijumba, nikarudi kwenye kasha. Kulikuwa na kadi za mialiko mia mbili za kupangwa kabla ya saa nne, na familia yenyewe, kwa bahati mbaya, kila mtu jina lake lilikuwa na a tatu.